Kabla Mvua ya Mwisho Haijakatika

Katikati ya mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inanyesha siku moja na kupumzika mbili, nenda shambani na fungu la nyuzi nyekundu. Uzi wowote utafaa: wa sweta lililochakaa, wa gunia, hata kitenge kikuukuu kilichochanwa vipande vyembamba. Simama mbele ya kila shina la muhogo, ulishike jani, ulitazame juu na chini. Jani lililonyooka, la kijani kimoja, lisilo na mabaka ya manjano wala mikunjo kama kiganja cha mtoto mchanga, limetoka kwenye shina lisilo na batobato. Hilo lifunge uzi. Lile lenye mabaka lipite, hata kama ndilo refu kuliko yote na linakupendeza macho.

Kwa nini mwezi wa tano na si wa nane? Mwezi wa nane muhogo utakuwa umepukutisha majani kwa ajili ya ukavu, shamba zima limebaki fimbo tupu, na fimbo ya shina gonjwa na ya shina zima hufanana kama mapacha. Batobato ni virusi. Wapo inzi weupe wanaoieneza, lakini mwenezaji mkubwa ni sisi wenyewe, tunapokata vipando kwenye shina gonjwa, tunavipanda, kisha tunamgawia jirani fungu zima kwa moyo mweupe. Ukifunga nyuzi sasa, mvua zikirudi mwezi wa tisa utakwenda moja kwa moja kwenye mashina yako mekundu na kukata vipande vya urefu wa shubiri, kila kimoja na macho matano au zaidi, huku jirani akibahatisha.

Nina shemeji anayeishi Ubelgiji. Kila mwezi wa kumi hunipigia simu akihema, kwa sababu anang'oa nyanya, anafunika mboga, anaingiza vyungu vya maua ndani. Anaogopa sakitu, ule umande unaoganda na kuwa barafu usiku. Usiku mmoja tu, anasema, na asubuhi mnyanya umekuwa mweusi na kulegea kama mboga iliyochemshwa. Kisha huongeza: "Ninyi wa Kindu mmebarikiwa, hamna shida hiyo." Ni kweli. Mji wetu huu wa Kongo uko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Hakuna mzee wa mitaa yetu ya Kasuku wala Mikelenge aliyewahi kuona barafu juu ya nyasi zake.

Lakini nimefikiri sana juu ya simu hizo, na naona kwamba shemeji ana kitu ambacho sisi hatuna. Anayo siku ya kuogopa. Sakitu ina usiku wake, na kila mtu mtaani kwake anaujua. Kiangazi chetu hakina usiku wake. Kinaingia kwa kunyata. Asubuhi ukungu unalala juu ya Lualaba mpaka saa tatu, wiki inayofuata mchanga unaanza kuonekana katikati ya mto, wavuvi Wagenya wanajenga vibanda vyao vya kuvulia, shangazi anaanza kulalamika kwamba miguu inamganda usiku. Bado mvua moja inapiga, unasema masika hayajaisha. Halafu mwezi wa saba unashtuka: kazi zilizohitaji mvua hukuzifanya, na mvua yenyewe haipo. Ni miezi mitatu tu, tangu wa sita mpaka wa nane, wala si ukame wa kuua ng'ombe kama wa kwa Waturkana. Ndiyo maana tunakidharau kiangazi, na ndiyo maana kila mwaka kinatuchukulia kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa macho. Ukiona mvua za mwisho, acha kukimbilia ndani. Kuna mambo ambayo nyumba na shamba hukuonyesha wakati wa mvua tu.

Paa ni mojawapo. Bati lililotoboka halisemi chochote kiangazi. Fundi akipanda juu mwezi wa saba ataona bati zima linang'aa, atagonga misumari miwili, atalipwa, na mwezi wa tisa utaweka sufuria palepale ulipoiweka mwaka jana. Mvua ikinyesha, panda juu ya kiti na vijiti vya ufagio mkononi. Fuata tone mpaka linapotokea, maana mara nyingi maji hutembea juu ya boriti kabla ya kudondoka, na tundu haliko juu ya sufuria. Ukilipata, penyeza kijiti kwenye tundu kitokee nje. Kiangazi fundi akipanda atakuta paa limeota nywele, na kila unywele ni tundu la kuziba. Kama tundu liko mahali mkono haufiki, chora alama ya makala, yaani makaa, ukutani chini yake. Kwa nyumba ya majani kazi ni nyepesi zaidi: palipooza hunuka na kuwa peusi kwa ndani. Nyasi za kuezekea zikatwe zikishakauka shambani, kabla moto wa vichaka haujazipitia.

Vilevile fuata maji uani. Chukua jembe, toka mvua ikinyesha (utacheka na kulowa), utazame yanakopita: chini ya msingi wa jiko, ndani ya choo, kwa jirani wa chini ambaye hasemi kwa sababu ya heshima. Kata mfereji mdogo hapohapo udongo ukiwa laini. Mwezi wa nane udongo huo huo utakurudishia jembe mkononi kama jiwe.

Sasa chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza zaidi.

Karanga za msimu wa pili zinang'olewa wakati huohuo masika yanapoondoka, mwezi wa tano na wa sita. Ziking'olewa, zigeuze miguu juu, karanga zitazame jua na majani yawe chini, wala zisilale juu ya udongo mtupu. Kausha kwenye mkeka, kwenye turubai, kwenye kichanja. Kuna desturi moja mbaya na naisema wazi: kunyunyizia karanga maji ili maganda yalainike wakati wa kubangua. Kazi inakuwa rahisi, mikono haiumi, na kuvu linapata kitanda. Kuvu hilo hutoa sumu, sumukuvu, isiyoonekana na isiyokufa jikoni. Uchemshe, ukaange, uisage, ipo palepale. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sumu ile kwa wingi huua kwa siku chache. Kwa uchache huila ini la mtu polepole, miaka kwa miaka, na hakuna atakayesema kwamba ni karanga.

Na zile mbovu tunazozichagua na kuzitupa pembeni, zilizosinyaa na zenye unga wa kijani? Mara nyingi hazitupwi. Mama mmoja sokoni aliniambia bila kuona haya: "Hizo tunasaga." Anasaga, anachanganya, anatuuzia kwenye kikopo. Tangu siku hiyo nasaga za kwangu mwenyewe.

Mahindi na mpunga vinahitaji kipimo, na kipimo kipo jikoni. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Kausha chumvi kidogo juani au kwenye sufuria ya moto, iache ipoe. Weka punje mpaka theluthi ya chupa, tia vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, punje bado zina maji, rudisha juani. Ikianguka yote chini na chupa ikabaki safi, weka ghalani. Wazee walikuwa wakiuma punje kwa jino na kusikiliza mlio. Jino la mzoefu halikosei, lakini si sisi wote tuna jino hilo.

Kwa kuhifadhi, sijaona kitu kinachoshinda bidoni, yaani dumu. Lile la lita 20 lililokuwa na mafuta ya mawese lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, lipinduliwe likauke siku mbili. (Lililokuwa na dawa ya wadudu usiliguse, hata ukilisugua kwa mchanga wa mto mzima.) Jaza punje kavu mpaka shingoni, gonga chini zishuke, jaza tena, paka mafuta kwenye nyuzi za kifuniko, kaza. Wadudu waliomo watatumia hewa iliyobaki, kisha watakufa. Bidoni lililojazwa nusu halifanyi kazi hiyo, maana umewaachia wadudu hewa ya kutosha kuzaa wajukuu. Likifungwa, lisifunguliwe kila siku ili kuchungulia.

Kama una ghala la miguu, angalia panya. Funika kila mguu kwa bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, angalau mita moja kutoka ardhini, na uondoe kila kitu kinachoegemea ghala. Nimeona ghala lenye kinga nzuri ya bati kwenye miguu yote minne na mchi umeegemezwa ukutani kama ngazi. Panya naye ana akili.

Halafu kuna mbegu. Mpunga wetu, ulioletwa huku kwetu Maniema na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu karne ya 19 kwa njia ileile iliyoleta lugha hii ninayoandikia, unahitaji kati ya kilo 40 na 60 za mbegu kwa hekta moja ya nchi kavu. Mbegu hizo zinapaswa kulala tangu mavuno ya mwanzo wa mwaka mpaka mvua zirudi. Adui yake mkubwa si fukusi. Ni mwezi wa nane, ghala limepungua, na mwezi wa tisa shule zinafunguliwa. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali haina karo, ndiyo, lakini daftari, sare na viatu bado vinadai, na mtoto wa sekondari bado ana karo yake. Hapo ndipo mtu anapolitazama bidoni la mbegu kwa jicho la pili.

Mimi nimetafuta dawa ya udhaifu wangu. Mbegu yangu hailali nyumbani. Inalala Alunguli, ng'ambo ya mto, chini ya kitanda cha shangazi. Nikishikwa na tamaa lazima nivuke Lualaba kwa mtumbwi, nilipe nauli, nisalimie, nikae, ninywe chai, nimweleze shangazi kwa nini nataka kula mbegu. Miaka sita sasa sijavuka kwa sababu hiyo. Ukiwa na shangazi mpole sana, tafuta mwingine.

Mwisho wa mwezi wa nane, pima. Hesabu punje mia moja, zifunge ndani ya kitambaa kibichi, kiweke mahali penye joto, kiloweshe kila siku. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikifika themanini, panda kama kawaida. Zikiwa sitini, ongeza mbegu shimoni. Zikiwa chini ya nusu, anza kutafuta mbegu nyingine mapema kabla kila mtu hajaanza kutafuta.

Nirudi kwenye muhogo, maana kiangazi ni wakati wake na ni wakati wa hatari yake. Jua ni zuri, barabara zimekauka, magari yanafika, wanunuzi wa muhogo mkavu wanataka mizigo. Wakati huohuo vijito vimepungua, mashimo ya kuloweshea ni machache, na yeyote anayeacha muhogo wake majini usiku wa tatu anaogopa kuukosa asubuhi. Kwa hiyo watu wanautoa baada ya usiku mmoja. Unakauka vizuri, unakuwa mweupe, unauzwa. Lakini muhogo mchungu una sumu inayohitaji muda kutoka, na udongo ukikauka mmea huongeza sumu hiyo kwenye mizizi. Yaani msimu ambao muhogo una sumu zaidi ndio msimu tunaouharakisha zaidi.

Upande wa magharibi wa nchi yetu, huko Kwango, jambo hili lina jina. Konzo. Ni neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hairudi tena. Huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa, katika nyumba ambazo chakula ni bugali wa muhogo uliolowekwa vibaya, wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage. Na hutokea zaidi kiangazi. Sisi wa Kindu tuna mto, tuna samaki, na hilo linatusaidia, kwa sababu mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu hiyo. Lakini familia iliyo mbali na mto, inayokula bugali na sombe (majani ya muhogo) tu mwezi mzima, isijidanganye.

Basi loweka siku tatu, na maji yakiwa ya baridi loweka nne. Usihesabu siku tu, bonyeza. Muhogo ulioiva majini huingia kidole, ganda huambuka lenyewe, na uzi wa katikati hutoka bila kuvutwa. Ulio mgumu urudi. Kama unaogopa wezi, loweka ndani ya pipa uani, ukiacha maji kidogo ya zamani ili mapya yachachuke upesi.

Na kama umenunua unga sokoni na hujui muhogo wake ulilowekwaje? Ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na akina mama wa Popokabaka, hukohuko Kwango, wameitumia. Weka unga kwenye beseni, weka alama usawa wake kwa ndani. Tia maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu hupanda hewani na kwenda zake. Kisha songa bugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa haulali. Niliifanya kwa mara ya kwanza nikiwa na mashaka. Bugali ulitoka mweupe, bila ule uchungu wa pembeni mwa ulimi. Mama mkwe wangu, ambaye hasifu mtu, aliomba aongezewe.

Sombe nayo iponde mpaka iwe laini kabisa, na inapoanza kuchemka acha sufuria wazi. Hayo tunayajua. Tunayasahau tu tukiwa na haraka.

Bustani ya kiangazi ianze sasa, masika yakiwa bado yanaaga. Lengalenga (mchicha) na matembele vipandwe bondeni au karibu na kisima, tuta liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi badala ya juu, ili maji yakae. Funika udongo kwa majani makavu. Mwagilia jioni au alfajiri. Sina la kuongeza hapo. Akina mama wanaolima ukingoni mwa mto wanajua zaidi yangu.

Kuku nao wana tarehe yao. Kila mwaka mwezi wa saba na wa nane utasikia uani mwa fulani kuku wameanguka wote kwa wiki moja, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Watu husema ni upepo, au jirani mwenye kijicho. Ni mdondo. Ukishaingia hauna tiba. Una chanjo, tone moja jichoni, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi minne. Ifanyike mwezi wa tano, kuku wakiwa wazima. Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko ulio nao, kwa hiyo kubalianeni mtaa mzima siku moja, na mgawane bei. Kuku mgeni, hasa anayeletwa kama zawadi ya sherehe, akae peke yake wiki mbili.

Maji sasa. Kisima kitapungua, mtakwenda mtoni, na Lualaba ya mwezi wa nane si Lualaba ya mwezi wa nne. Maji ni machache na mikono ni mingi. Kipindupindu huku kwetu kinajua njia ya mto. Chemsha mpaka maji yatokote kweli, si mpaka yatoe moshi. Makala yakiwa ghali, chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja na nusu, zijaze maji yaliyochujwa yakawa maangavu, zilaze juu ya bati tangu asubuhi. Saa sita za jua kali zinatosha. Lakini kiangazi cha Kindu mara nyingi kina mbingu ya kijivu, ukungu na moshi. Siku kama hizo ziache siku mbili. Maji yenye tope hayatibiki kwa njia hiyo, jua halipenyi.

Kusafisha kisima ni kazi pekee ambayo nakuomba usiifanye sasa. Ingoje mwisho wa mwezi wa nane, maji yakiwa chini kabisa. Hapo ndipo fundi anapoweza kushuka na kuchimba mita moja zaidi, na mita hiyo ndiyo utakayokunywa mwaka kesho. Ukichimba mwezi wa sita utafika kwenye maji mapema, utashangilia, na Septemba kisima kitakuonyesha udongo. Kama unachimba kipya, kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye choo, na kiwe upande wa juu. Kabla mtu hajashuka kisimani, teremsha taa ya moto kwa kamba. Ikizimika, asishuke.

Neno kuhusu baridi, ambayo shemeji wa Ubelgiji angeicheka. Alfajiri ya mwezi wa saba wazee na watoto wachanga hutetemeka kweli, na mtu huingiza mbabula, jiko la makala, chumbani, makala yakiwa yameshawaka vizuri, bila moshi, akafunga mlango na dirisha. Usifanye hivyo. Makala yasiyo na moshi hutoa hewa isiyo na harufu inayolaza watu wasiamke. Pasha moto mawe au chupa ya maji, ifunge kwa kitambaa, iweke miguuni. Mbabula ibaki nje.

Na moto wa shamba. Mtafyeka mwezi wa sita na wa saba, miti itakauka, na mwezi wa nane mtachoma. Nimeona moto mmoja uliowashwa saa sita mchana na kijana aliyekuwa na haraka ya kwenda mpirani. Ulivuka njia kwa jani moja la mchikichi lililowaka, likapaa, likatua kwenye paa la jiko la mtu aliyekuwa kanisani. Shamba lenyewe halikuungua vizuri. Fagia mkanda mtupu wa hatua tano au zaidi kuzunguka shamba lote, na upande wa michikichi ya watu uupanue mara mbili. Waambie majirani siku moja kabla, si dakika kumi kabla. Washa alasiri upepo ukiwa umelegea, ukianzia upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole badala ya kukimbia. Wawepo watu wanne wenye matawi mabichi na maji, na mmoja abaki mpaka usiku. Kisiki huweza kuficha kaa siku mbili.

Nunua mapema chumvi, sabuni na dawa za watoto. Mto ukishuka, vyombo vinavyopanda na kushuka kilomita 300 hivi kati ya Kindu na Ubundu hupapasa njia kati ya mafungu ya mchanga, na kinachochelewa njiani hupanda bei sokoni.

Mwezi wa tisa utafika. Utasikia ngurumo upande wa msitu jioni mbili tatu bila tone. Fungua nyuzi nyekundu shambani, kata vipando, vuka kwa shangazi ukachukue mbegu. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, maana imebeba vumbi la miezi mitatu, masizi, na kinyesi cha ndege. Pipa liweke chini ya mchirizi mvua ya pili ikianza, na utazame juu kama kuna mahali fundi alisahau kijiti.